Muziro wa Ildefons

Kwa Wahaya, muziro haubishaniwi. Utabishana na mwenyekiti wa tawi, utabishana na padri kama una kichwa kigumu, hata na mkeo utabishana ingawa utashindwa. Lakini mtu akikuambia kitu fulani ni muziro wa ukoo wake, unaondoa chakula mbele yake na kuomba radhi. Kila ukoo una wake: hawa hawali samaki kamongo, wale hawamgusi tumbili, wengine ni nyama ya ng'ombe wa rangi fulani, na anayekiuka huota mapele mwili mzima. Nani alipanga hivyo hakuna ajuaye, na mtoto akiuliza sana huambiwa akachote maji. Basi Benigna, siku aliyotoka hospitali ya misheni na mtoto mchanga asiyeruhusiwa kuonja hata tone la maziwa, alikumbuka muziro akaushika kwa mikono miwili. Alidhani amepata njia, na kwa miezi kadhaa ilikuwa njia kweli.

Kabla ya mtoto huyo alikuwapo Joviana, binti wa kwanza wa Benigna na mumewe Byabato. Joviana alizaliwa mzima, analia kwa nguvu, na kabla kitovu hakijadondoka akawa wa manjano na kutapika kila alichonyonya. Kokubanza, mama yake Byabato, alifanya kile ambacho bibi yeyote pale Kibeta angefanya: alimtengea mjukuu ng'ombe bora wa nyumba ile. Mtoto dhaifu hupewa nini kama si maziwa? Alipozidi kukonda, alizidishiwa. Kila jioni bibi alikuja na kibuyu chake, maziwa yangali na joto la kiwele, akamnywesha kidogo kidogo huku akimwimbia, na mapenzi yote aliyokuwa nayo yule mama mzee yalipita mle kibuyuni.

Joviana hakufa. Wengine walisema heri angekufa, na waliosema hivyo waliaibika, lakini walisema. Macho yake yaliingia ukungu mweupe. Umri ambao wenzake walikuwa wanatumwa chumvi, yeye alikaa nyuma ya nyumba anagonga kichwa kwenye mgomba, hajui jina lake, hajui mama yake ni nani kati ya wanawake wanaompita. Majirani walisema karogwa. Mashemeji walisema ni tumbo la Benigna. Maziwa hayakutajwa na mtu, na nani angeyataja? Ungeanza kuishuku mvua kabla ya kuyashuku maziwa.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha alizaliwa wa pili, Ildefons. Safari hii Benigna alikataa kuzalia nyumbani. Alibeba kanga zake akaenda hospitali, na manjano yalipoanza kumwingia mtoto machoni alikuwa tayari mbele ya daktari, amemkamata koti hamwachii. Daktari yule Mzungu alichemsha mkojo wa mtoto pamoja na dawa ya bluu, ukageuka mwekundu kama tofali. Akaagiza aletwe na Joviana. Wa Joviana nao ukageuka. Daktari akamwita Sista Immakulata, muuguzi mzaliwa wa Rwamishenye, amweleze mama kwa Kihaya.

Sista alieleza taratibu. Maziwa yana sukari yake, na mwili wa kila mtu unajua kuivunjavunja ikawa chakula. Watoto hawa wawili wamezaliwa bila kitu hicho cha kuivunjia. Sukari inabaki damuni, inageuka sumu, inakula ini, inakula macho, na zaidi ya yote inakula ubongo, kwa sababu ubongo wa mtoto unajengwa miaka hii ya kwanza na kinachoharibika wakati wa kujenga hakirudi. Kwa Joviana jahazi lilikwisha zama. Kwa huyu bado.

"Ukimpa maziwa, hata ya kifua chako, utalea mwili uzike akili," Sista alisema. "Ukiyaacha, atakuwa mtu."

Alimfundisha kutengeneza soya, yale maharage ya kigeni yaliyolimwa kwenye bustani ya masista: kuloweka, kusaga, kuchuja, kuchemsha na sukari na mafuta kidogo. Byabato naye alikuwapo, anasikia kila neno. Byabato alikuwa katibu wa TANU pale tawini, mtu wa shati lililonyooshwa, ambaye kila Jumapili baada ya misa aliwahutubia watu juu ya maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, mpaka vikongwe wakasinzia. Alimshukuru daktari kwa Kiingereza. Njiani alimwambia mkewe atafute namna ya kumweleza mama, maana yeye ana mkutano.

Sasa fikiri mwenyewe. Mwanamke anarudi nyumbani kwa mkwewe, matiti yamejaa mpaka yanalowesha gauni, mtoto analia, naye hanyonyeshi. Anamnywesha maji ya maharage. Atasema nini? Aseme sukari inavunjwa, sukari haivunjwi? Benigna aliweka mtoto mapajani, akamwangalia Kokubanza usoni, akasema mtoto huyu muziro wake ni maziwa.

Na Kokubanza akakubali! Alikubali pale pale, kwa heshima zote. Alitenga vyombo vya mjukuu, akaviosha mwenyewe. Jirani aliyekuja na kikombe cha maziwa ya kumpongeza mzazi alirudishwa kutoka mlangoni. Hakuna daktari duniani ambaye angemlinda mtoto yule kuliko alivyomlinda bibi yake kwa ajili ya muziro.

Ildefons akanawiri. Shingo ikakaza. Akaanza kufuata kwa macho kila anayepita, akaanza kucheka akisikia redio ya baba yake ikikoroma. Benigna, ambaye na Joviana alikuwa amesubiri mambo haya mpaka akachoka kusubiri, hakuyaamini. Kila asubuhi alimfichia kijiko chini ya kanga na kungoja. Mtoto alivuta kanga, akakipata kijiko, akamtazama mama yake kama anayemwuliza mchezo huu wa kipumbavu utaendelea mpaka lini. Benigna alilia kwa furaha kila mara, kisha akakificha tena.

Aliyeuvunja mchezo ni Kashaija. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba yake Byabato na ndiye mkuu wa ukoo, mzee mwenye haki kwa namna yake, asiyependa kelele. Alikuja kunywa lubisi, pombe ya ndizi, akamwona mtoto, akampenda, akaagiza aletewe maziwa amnyweshe kwa mkono wake mwenyewe. Kokubanza akamweleza kwa fahari kwamba haiwezekani, ni muziro.

Kashaija akaweka kibuyu chini. Akauliza, muziro wa nani?

Hapo ndipo Benigna alipojua amefanya nini. Muziro haumwangukii mtu peke yake. Muziro ni wa ukoo, na mtoto huupata kwa baba, haupatikani pengine. Muziro wa ukoo wa Byabato ulikuwa kamongo, toka enzi za enzi. Kama mtoto huyu muziro wake ni maziwa, basi baba yake ni mtu ambaye muziro wake ni maziwa. Na ukoo wa namna hiyo ulikuwapo, kule Muleba, haulambi maziwa ya ng'ombe mwenye mistari mgongoni. Na Benigna kwao ni wapi? Muleba. Na kabla ya mimba hii alikuwa amekwenda wapi? Muleba, kwenye matanga ya mjomba wake, akakaa mpaka matanga yakaanuliwa. Kokubanza alikuwa anasikiliza huku mkono uko mdomoni.

Benigna akasema ukweli wote. Kwamba hakuna muziro, ni ugonjwa, daktari kasema, Sista kasema, mumewe alikuwapo. Kashaija alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa upole: jana muziro, leo ugonjwa, kesho atasema nini? Kweli inayokuja nyuma ya uongo ina kazi kubwa. Watu wote wakamgeukia Byabato. Yule mpiganaji wa maadui watatu aliinuka, akakohoa, akasema daktari alisema mambo mengi kwa Kiingereza, na wazee nao wana busara yao. Kisha akakaa. Benigna alimtazama kwa muda mrefu, naye Byabato akawa anatengeneza kola ya shati lake.

Wazee wakaamua mtoto ajaribiwe. Hoja yao ilikuwa nyepesi: muziro haumdhuru asiye wake. Mtoto wa ukoo huu akinywa maziwa atashiba na kulala. Wanawake walimshika Benigna jikoni, Kokubanza akachukua kile kibuyu chake cha zamani. Wakamnywesha siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Mtoto alitapika. Akaharisha, tumbo likavimba, macho yakarudi kuwa manjano. Mle jikoni Benigna alipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na kila alivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kuwa na hakika kwamba ana hatia. Maziwa yalikuwa yamemkataa mtoto, kwa hiyo ukoo nao ukamkataa.

Kwa kuwa ndoa ya kanisani haivunjwi, hawakuivunja. Walimfukuza tu, yeye na Ildefons. Joviana alibaki, maana huyo hakuwa na shaka, kibuyu cha bibi hakuwahi kuachishwa, na sasa maziwa alikuwa anayanywa bila kutapika. Benigna alipita nyuma ya nyumba, akapiga magoti kwenye mgomba, akamuaga binti yake. Joviana aligusa uso wake kwa vidole, kama alivyogusa kila kitu, kisha akarudi kugonga kichwa.

Hospitali walimnusuru Ildefons. Sista Immakulata alipopata habari yote alikasirika mpaka rozari ikamdondoka. Akamwambia Benigna jambo ambalo mara ya kwanza hawakuona haja ya kulisema. Ugonjwa huu ni wa urithi, lakini hauji kwa upande mmoja. Baba anabeba nusu na haumwi, mama anabeba nusu na haumwi. Mtoto akizipata nusu zote mbili, ndipo anaumwa. Ni wachache sana wanaobeba nusu hiyo. Joviana anao ugonjwa, ndugu yake naye anao, basi baba yao ni mmoja.

"Wamemkataa kwa ugonjwa aliopewa na baba yake," Sista alisema. "Huo ndio muhuri wa Byabato, binti yangu."

Benigna alicheka kicheko ambacho wagonjwa wa kitanda cha jirani walikiogopa. Alitaka kukimbia vile vile alivyo mpaka Kibeta, asimame katikati ya uwanja, awapigie kelele hadi wazibe masikio. Sista akamkataza, akaahidi kwenda mwenyewe, na kwa neno la mtawa watu hukaa kimya wakasikiliza. Basi Benigna akapanda basi la Muleba na mwanawe na mfuko wa soya, akaenda kungoja kwa mama yake, Alistidia.

Alingoja karibu mwaka. Ildefons alitambaa, akasimama dede, akatembea. Meno yalitoka. Aliuelewa mlango, aliujua mchezo wa kujificha, alimjua bibi yake kwa mlio wa bakora. Maneno yalichelewa, na hilo lilimnyima Benigna usingizi, lakini akili ilikuwa inaonekana machoni. Alistidia alimwambia binti yake avumilie, haki ya mtu haipotei.

Na haki ilikuja, imevaa kanzu safi. Kashaija na Byabato walifika asubuhi moja na mtungi wa lubisi na kahawa za kutafuna zilizofungwa vizuri kwenye majani, kama watu wanaokuja kuposa. Sista alikuwa amekwenda Kibeta, si mara moja. Mkojo wa Joviana ulichemshwa mbele ya wazee wote ukageuka mwekundu machoni mwao. Kashaija, nimeshasema, alikuwa mzee mwenye haki kwa namna yake. Aliinama mbele ya Alistidia, akasema ukoo umemkosea mwanamke huyu, na mtoto ni wao, damu yao, hakuna tena wa kumnyooshea kidole. Alistidia akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja uani. Miezi yote ile Benigna alikuwa ameisubiri sentensi hii, na imekuja, na watu wameisikia.

Kisha Kashaija akasema Kokubanza anamngojea mjukuu. Kamwekea ng'ombe aliyezaa juzi.

Benigna aliuliza ng'ombe wa nini.

"Mtoto wetu hana muziro wa maziwa," Kashaija alisema. "Hilo ndilo tulilokuja kulimaliza."

Benigna akauliza, Sista hakuwaeleza? Kashaija akajibu kwamba Sista alieleza sana, na walichoelewa ni kwamba damu ni yao. Na damu yao haijawahi kushindwa na maziwa. Joviana anayanywa mpaka leo, amekufa? Mtoto amezoezwa vibaya, atazoezwa upya, kidogo kidogo, kwa mkono wa bibi yake. Alisema haya kwa upendo. Hakuna ubaya wowote uliokuwa moyoni mwa mzee yule, na hilo ndilo lililomkatisha Benigna tamaa kabisa, kwani mtu mbaya unaweza kupigana naye.

Akamgeukia mumewe. Alimtazama tu, maana Byabato alikuwapo siku ya daktari, alisikia kwa masikio yake, na neno moja lake lingetosha.

"Tutaona tukifika," Byabato alisema.

Akaangalia pembeni. Benigna aliijua hiyo tutaona. Alikuwa amekula na kulala nayo miaka. Aliona mambo yote kwa mara moja: akienda nao, kibuyu kinamngoja. Akikataa kwenda, watamchukua mtoto peke yake, kwa mila na hata kwa mahakama, maana mtoto ni wa baba, na sasa baba amethibitishwa na Sista mwenyewe. Angerudi siku moja kumsalimia mwanawe na kumkuta nyuma ya nyumba, kwenye mgomba wa pili. Kitu kimoja tu kingewafanya watu hawa waondoke bila mtoto. Ildefons alikuwa ameketi miguuni pake, anapanga kahawa zile za kutafuna mstari mmoja chini, akikosea anapanga upya.

"Waitu, wazee wangu, mrudi," alimwambia Kashaija. "Mtoto si wa Byabato."

Kashaija akauliza, na maneno ya Sista je?

"Sista ni mtawa. Anajua nini juu ya wanaume?"

Mzee akataka jina la mwanamume. Benigna alikuwa ameshafikiri hapo. Akitaja mtu wa Muleba, ukoo wa mtu huyo utakuja na lubisi yake. Akasema ni mpita njia, mchuuzi wa kahawa kutoka Uganda, alilala kijijini siku za matanga akaondoka. Jina hakumwuliza. Alisema hivyo mbele ya mama yake, mbele ya majirani, mchana kweupe, bila kutazama chini. Kashaija alitema mate, akauchukua mtungi wake. Byabato alishusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo, na katika yote aliyotendewa na mume huyu, pumzi ile ndiyo Benigna hakuweza kuisamehe. Alipouliza kwa sauti ndogo kama ataruhusiwa kumwona Joviana, walikuwa wameshampa mgongo.

Majirani walitawanyika haraka, wana kitu cha kusimulia. Alistidia aliamini. Kwa nini asiamini? Mwanamke gani anajipaka mavi asiyoyanya? Aliokota kahawa zilizotapakaa, akaingia ndani, na tangu siku hiyo alizungumza na binti yake mambo ya kuni na maji tu. Benigna alitamani kumwambia, lakini mama yake alikuwa mtu wa haki, na watu wa haki hawatunzi siri. Angekwenda Kibeta kwa miguu kumsafisha mwanawe. Hata Sista hakumwambia. Sista alimletea soya mara moja zaidi, akamwuliza mbona kasema vile, akajibiwa kwamba ndivyo ilivyokuwa, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Serikali ilipoanzisha kijiji cha ujamaa kule kwenye rweya, nyasi tupu zisizo na mgomba hata mmoja, wenye vibanja vya migomba walicheka. Waliohamia ni wasio na kwao, na Benigna akawa wa kwanza kuandikishwa. Alipewa kipande, akapanda soya, wakamcheka na kwa hilo. Huko ndiko zilikomfikia habari kwamba Joviana amefariki, ameshazikwa.

Ildefons alikua. Maneno yalimtoka kwa shida, yakikwamakwama, na mkono ulitetemeka kidogo akishika kalamu, lakini mwalimu alisema kichwa kinafanya kazi. Alikuwa mtu wa kuuliza. Aliuliza kwa nini mwezi una sura, kwa nini ng'ombe wa kijiji ni wa wote lakini anakamwa na mke wa mwenyekiti. Kila swali lilimshibisha mama yake.

Mchana mmoja alirudi kutoka shuleni. Benigna alikuwa anamenya ndizi. Mtoto alikaa mbele yake, akahangaika na maneno yake mpaka yakakaa sawa, akasema watoto wanamwita wa mpita njia, na mwalimu ameuliza jina la baba ili amwandike, yeye hakuwa na la kusema. Akauliza, baba anaitwa nani?

Benigna alifikiri juu ya Kibeta. Mtoto huyu ana miguu, na sasa ana akili. Ukimpa jina atalifuata. Akamwambia hajui jina lake.

Ildefons alikunja uso, akalifikiria jibu hilo taratibu, kama alivyofikiria kila kitu.

"Kama hukujua jina lake, Mama, ulikuwa unamwitaje?"

Benigna aliendelea kumenya. Lilikuwa swali zuri, limenyooka, swali la mtoto ambaye ubongo wake umekamilika. Joviana hakuwahi kumwuliza mtu kitu chochote. Akamwambia akanawe mikono, chakula kinakaribia.